Malazi si Makazi: Fundi wa Umeme na Dari ya Mwajiri

Katika mikataba ya kazi inayotoka nchi za Ghuba, ile ambayo vijana wetu huitia ndani ya bahasha ya plastiki na kuizungusha mitaani kama cheti cha ndoa, mna maneno mawili ambayo hayakosekani: chakula na malazi. Mshahara hubadilika, saa za kazi hubadilika, lakini malazi yapo. Kijana huyasoma kwa furaha, na mzazi huyasoma kwa furaha zaidi, kwani mzazi hofu yake kubwa ni mwanawe asilale njiani ugenini.

Neno hilo linastahiki kutazamwa. Malazi yametokana na kulala. Ni pahala pa kuulaza mwili, na wazee wetu walilitumia pia kwa maana ya matandiko yenyewe. Makazi yametokana na kukaa. Ni pahala pa kuishi, pa kupokea mgeni, pa kuugua ukauguzwa, pa kukasirika ukajifungia mlango. Tunalo na neno la tatu, maskani, tulilolipata kwa Waarabu kutokana na mzizi unaobeba maana ya kukaa na ya kutulia kwa pamoja. Mikataba ya Kiarabu huandika sakan, neno la mzizi huohuo, na mfasiri wa ofisini akaligeuza kuwa malazi. Sikusudii kumlaumu. Pengine bila ya kujua alifasiri hali yenyewe badala ya neno.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa njia ya historia, kwamba nyumba anayopewa fundi na mwajiri wake haijapata kuwa zawadi iliyo nje ya kazi. Imekuwa sehemu ya kazi yenyewe, na aghalabu ndiyo sehemu iliyoamua fundi anaweza kusema nini na kuondoka lini. Nimemchagua fundi wa umeme kwa sababu mbili. Kwanza, ni fundi anayetafutwa kila nchi inayojenga. Pili, kazi yake ni kuzitia nuru nyumba za watu, na kwa hiyo hulijua jumba kwa ndani kuliko hata mwenye kulimiliki.

*

Kabla ya mikono yetu kwenda Ghuba, zilikwenda boriti zetu. Kwa karne nyingi majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa na shehena ya miti ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Kiaustralia aliyesafiri katika jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939, ameieleza kazi hiyo ya kukata na kupakia miti katika matope ya Rufiji, na taabu iliyowapata mabaharia humo. Nchi za Ghuba hazina miti ya kuezekea. Kuwait, Bahrain, Dubai na Maskati zililaza boriti za mwambao wetu juu ya kuta zao, na upana wa vyumba vyao, kama ulivyo upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, ulifuata urefu wa mti: kiasi cha mita 3 hivi, basi. Mtu wa Lamu aliyeingia katika nyumba ya kale ya Kuwait akalala chali angeweza kuitambua dari.

Biashara hiyo ilikufa taratibu baada ya mafuta kupatikana. Bahrain ilipata mafuta mwaka 1932, Saudia na Kuwait mwaka 1938, na Kuwait ikaanza kuyasafirisha mwaka 1946. Fedha za mafuta zilileta saruji na nondo, na saruji haikuhitaji boriti. Mwaka 1982 Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi, soko lenyewe lilikwisha kudhoofika. Saruji, hata hivyo, ilikuwa na haja yake: ilihitaji waya ndani yake, na waya unahitaji mtu wa kuuvuta.

*

Kampuni za mafuta zilikuta jangwa, na palipokuwa na jangwa zililazimika kujenga miji. Hapo ndipo habari ya malazi inapoanza kwa sura tunayoijua leo. Bahrain ulijengwa mji wa Awali. Kuwait, baada ya Vita vya Pili, ulijengwa Ahmadi, na ramani ya Ahmadi inafaa kusomwa polepole. Upande wa kaskazini zilikuwa nyumba za Waingereza na Wamarekani wenye vyeo, zenye bustani. Katikati walikaa mafundi na makarani wa Kihindi na Kipakistani. Kusini ndiko kulikokuwa kijiji cha Waarabu, vibarua wa kampuni. Mtu hakuhitaji kuuliza cheo cha mwenziwe. Ilitosha kumuuliza anakaa mtaa gani.

Fundi wa umeme kutoka Bombay aliwekwa hapo katikati. Asubuhi alikwenda kaskazini kutengeneza kiyoyozi, jioni akarudi kwake. Alikuwa na ufundi wa kuingia katika kila nyumba ya mji ule na hakuwa na haki ya kuchagua hata moja.

Dhahran, nchini Saudia, tofauti ilikuwa kali zaidi. Kambi ya Wamarekani ilikuwa na uzio, nyumba zilizopozwa hewa, shule na sinema. Wafanyakazi Wasaudia walilala katika kambi yao, wengi katika vibanda vya barasti, yaani vya makuti ya mtende. Baina yao waliwekwa wengine, wakiwamo Waitalia walioajiriwa kutoka Eritrea kuanzia mwaka 1944 ili kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta cha Ras Tanura. Hawa walikuwa weupe wa kutosha kwa kazi ya ustadi, lakini hawakutosha kwa nyumba ya Mmarekani. Watu wakagoma. Waligoma mwaka 1945, wakagoma tena Oktoba 1953, maelfu kwa maelfu, na malalamiko kuhusu makazi hayakukosekana miongoni mwa madai yao. Mwaka 1951 kampuni ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa kuwakopesha wafanyakazi Wasaudia fedha za kujengea nyumba zao wenyewe nje ya kambi. Wapo wanaousifu mpango huo kuwa ni ukarimu. Mimi naona ni hesabu: mtu mwenye nyumba yake na deni lake ni mtulivu kuliko watu mia wanaolala safu moja, wakizungumza usiku.

Wala tusidhani jambo hili ni la Uarabuni peke yake. Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda baina ya mwaka 1896 na 1901 walikuja kwa mikataba iliyotaja mshahara, posho ya chakula na nauli ya kurudi, wakalala katika mahema kandokando ya njia ya reli. Baadaye Nairobi ilijenga nyumba za wafanyakazi wa reli, zile ziitwazo landi, na aliyefukuzwa reli alifungasha na vyungu vyake.

*

Ufundi wa umeme ulisafiri kwa urahisi kwa sababu ambayo watu wengi hawaifikirii: plagi. Himaya ya Waingereza iliacha nyuma yake plagi moja ya meno matatu ya mraba, na volti 240 hivi kwa mizunguko 50, kutoka Unguja hadi Maskati, Doha, Dubai na Kuwait. Fundi wa Kikwajuni aliyezoea waya mwekundu wa moto na mweusi wa kurudishia alipofika Maskati alikuta waya ule ule. Akivuka kwenda Dammam ndipo alipotatizika, kwani huko Wamarekani walitangulia, na umeme wa Saudia mpaka leo huzunguka mara 60.

Katika watu wetu, waliokwenda kwanza kwa wingi hawakwenda kutafuta kazi tu. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 maelfu ya Waunguja na Wapemba wenye asili ya Oman walitawanyika: Dubai, Kuwait, Cairo, Uingereza. Oman yenyewe haikuwa wazi kwao, kwani Sultan Said bin Taimur hakupenda kuwarudisha waliosoma nje. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos alishika utawala na kuwaita warudi. Nchi waliyoikuta ilikuwa na shule tatu, kilomita chache za lami, na umeme usiovuka sana Maskati na Matrah. Ndipo watu waliosoma Unguja na Pemba, wenye Kiingereza na ufundi mikononi, walipohitajika kila ofisi. Wakaingia jeshini, hospitalini, katika kampuni ya mafuta, katika umeme. Mwaka 1976 kinu cha Ghubra kilianza kuzalisha umeme na maji matamu ya bahari, na Kiswahili kilisikika Maskati na Ruwi kama kisikikavyo Darajani.

Hawa walipata makazi. Walipewa uraia, na raia wa Oman huweza kuomba kiwanja cha kujengea kutoka serikalini. Mwanzo walibanana katika nyumba za jamaa, wengine hawakujua hata Kiarabu vizuri na wakachekwa kwa hilo, lakini dari waliyolala chini yake haikuwa ya mwajiri. Mtu aligombana na mkubwa wake wa kazi leo, akatafuta kazi nyingine kesho, na usiku akalala kitandani pake.

Miaka mingi baadaye wakafuata vijana wengine kutoka visiwa hivi hivi, waliosoma ufundi Mbweni au kwa kumfuata fundi mkubwa mtaani, wanaosema Kiswahili kile kile na kushika bisibisi ile ile. Hawa walikwenda na visa ya kazi. Walipewa malazi. Pengine shangazi ya mmoja wao ana nyumba Al Khoud, na yeye analala kambini, kitanda cha juu, chumba kimoja na watu asiowajua, kwa kuwa basi la kwenda kazini huondoka kambini saa kumi na moja alfajiri. Nadhani hapana pahala pengine ambapo tofauti ya maneno yale mawili imeonekana wazi hivyo, ndani ya ukoo mmoja.

*

Naomba ruhusa ya msomaji nipinde njia kidogo, nipite Michenzani. Zile ghorofa ndefu, na zile za Kikwajuni na Kilimani zilizotangulia, zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi, na kwa watu wengi ndizo nyumba za kwanza walizoingia wakabonyeza swichi ukutani. Serikali ile ile ya Ujerumani ya Mashariki ilitia saini mkataba na Msumbiji mwaka 1979, kisha na Vietnam mwaka 1980, ili wapelekwe vijana wa kufanya kazi viwandani na kujifunza ufundi. Walilazwa katika mabweni ya viwanda. Kipimo kilichowekwa kilikuwa mita za mraba 5 kwa mtu, na watu wasiozidi wanne chumbani. Mlangoni palikuwa na bawabu aliyeandika nani ameingia na nani ametoka. Mwanamke aliyeshika mimba alichagua baina ya kuitoa na kurudishwa kwao. Sehemu ya mshahara wa Wamsumbiji ilikatwa kwa ahadi kwamba wataikuta nyumbani.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 viwanda vilifungwa, na bweni likafungwa pamoja na kiwanda, kwani vilikuwa kitu kimoja. Walio wengi walirudi Maputo wakiwa na redio na pikipiki, na fedha zao zilizokatwa hawakuzipata kama walivyoahidiwa. Kwa miaka mingi wameandamana Maputo kudai. Sisi tuliojengewa nyumba na taifa lile tuna deni la kuikumbuka habari hii, hata kama haikutupata.

*

Kwa nini fundi wa umeme aondoke Unguja? Jibu la fedha linajulikana na sina haja ya kulirefusha. Liko jibu jingine, nalo ni giza. Kisiwa hiki kilichotangulia miji mingi ya mwambao kwa taa za umeme kimekuwa kikiishi, tangu mwaka 1980, kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa msaada wa Norway. Mei 2008 waya ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ulikatika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu maji hayakupanda, samaki waliozea masokoni, na mji ukanguruma jenereta. Fundi wa kuunga majenereta alipata siku zake, wa kutandaza waya katika nyumba mpya alikaa barazani. Waya wa pili, mkubwa zaidi, ulikuja mwaka 2013. Katikati ya hapo wapo waliokwisha kupanda ndege, na Qatar ilikuwa imepewa Kombe la Dunia Disemba 2010, ikitafuta mafundi kama anavyotafuta maji mtu wa jangwani.

Qatar basi. Makazi ya vibarua yalipopigiwa kelele duniani, serikali ilijenga miji ya wafanyakazi. Mkubwa wake ulifunguliwa Doha mwaka 2015, una nafasi za watu karibu 70,000, una msikiti, maduka na uwanja wa kriketi. Ni bora kuliko vyumba vya mabati, hilo si la kubishana. Lakini ni malazi makubwa tu. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, eneo la viwanda ambamo wafanyakazi wengi walilazwa lilizungushiwa vizuizi, na watu wakajikuta wamefungiwa kitanda kwa kitanda na ugonjwa wenyewe. Singapore nayo, nchi ya nidhamu iliyosifiwa, iliona mwezi uliofuata maambukizi yakienea kwa kasi katika mabweni ya wajenzi wa kigeni.

Nchi zote hizi za Ghuba ziliishi kwa mpango wa kafili, yaani mdhamini ambaye ndiye mwajiri, ndiye mwenye ruhusa ya ukaazi, na aghalabu ndiye mwenye ufunguo wa chumba. Fundi asiyeonekana kazini wala kambini huweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na akawa mhalifu kwa kulala pahala pengine. Mpango huo umelegezwa: Qatar iliruhusu mwaka 2020 mfanyakazi kuhama bila ya idhini ya mwajiri wake, na Oman ikaondoa sharti kama hilo Januari 2021. Lakini sheria ya Qatar iliyoanza Machi 2021 ina jambo dogo ambalo, kwangu, ni kubwa kuliko yote. Iliweka mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi; na ikasema mwajiri asiyetoa malazi yanayofaa alipe riali 500 juu yake, na asiyetoa chakula alipe 300. Kwa mara ya kwanza kitanda kiliandikiwa bei. Kijana aliyeambiwa "malazi bure" anaweza sasa kuhesabu: si bure, ni nusu ya mshahara wa chini, nawe umelipwa kwa kulazwa.

Jambo hili wataalamu wa Geneva walikwisha kuliona. Pendekezo Namba 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, linaeleza kwamba kwa kawaida haifai waajiri wawape wafanyakazi nyumba moja kwa moja, isipokuwa pale hali inapolazimisha, kama kazi inapokuwa mbali na miji. Na Mkataba Namba 97 wa mwaka 1949 unataka mhamiaji wa kazi aliyeingia kwa halali asitendewe vibaya kuliko mwenyeji, hata katika makazi. Mkataba huo umeridhiwa kwa upande wa Zanzibar, tarehe 22 Juni 1964, katika mwaka ule ule wa Mapinduzi na Muungano. Nchi za Ghuba hazijauridhia. Basi visiwa vyetu vimeahidi kumtendea mgeni yale ambayo watoto wetu hawakuahidiwa waendako.

*

Vijana huniletea mikataba hii niwafasirie, kwa kuwa sina ofisi na sitozi pesa. Nimejifunza kuisoma kutoka chini kwenda juu. Jambo la kwanza ninalolitafuta ni kazi iliyoandikwa katika visa: fundi wa umeme, au kibarua, au msaidizi? Mkataba waweza kusema fundi na visa ikasema kibarua, na huko kinachosomwa ni visa. Kisha naangalia kama malazi yameandikwa yako wapi na chumba ni cha watu wangapi, au yameachwa na neno "yanayofaa" peke yake. Naangalia kama mfanyakazi anaruhusiwa kuchukua posho ya nyumba kwa fedha taslimu akajipangia, pengine na ndugu zake. Naangalia nani analipa maji na umeme wa chumba. Nimewahi kuona mkataba wa fundi wa umeme unaomkata fedha za umeme. Na naangalia siku: kazi ikikoma Jumatatu, kitanda kinakoma lini? Swali hili la mwisho wengi huliona la mkosi na hawapendi kuliuliza. Mmoja aliniambia, "Baba, wewe unanifungisha safari kabla sijafika."

Sasa macho yameanza kuelekea kwengine. Septemba 2024 Kenya ilitiliana saini na Ujerumani makubaliano ya kupeleka wafanyakazi wenye ujuzi, na mafundi wa umeme ni miongoni mwa wanaokosekana huko. Huko mambo yamepinduka: fundi hupewa kazi, na nyumba hujitafutia mwenyewe sokoni, katika miji ambayo wenyeji pia wanahangaika. Mwenye nyumba hutaka kuona hati za mshahara kabla ya kutoa ufunguo, na anaruhusiwa kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Kijana wa Mombasa au wa Unguja anayeshuka Frankfurt na bisibisi zake hatakuwa na kambi, hatakuwa na basi la alfajiri, wala mtu wa kuandika saa aliyotoka. Atahitaji fedha za miezi minne mkononi siku ya kwanza, na mtu wa kumsomea mkataba wa pango, ambao kwa Kijerumani huwa mrefu kuliko wa kazi.